Maji yakipungua, hatari haijaondoka

MVUA imekatika usiku. Alfajiri unatoka kwa jirani ulikokimbilia na watoto, unarudi kwako mtaani Tuwan mjini Kitale, au kwako kando ya Mto Malakisi kule Bungoma, na unakuta maji yaliyokuwa yamefika dirishani yameshuka. Kilichobaki ni tope. Limejaa sebuleni, limeingia kabatini, limefunika godoro na kuzika sufuria. Gunia la mahindi limevimba. Kuku wawili wamekufa chini ya kitanda. Harufu yake haisemeki.

Utafanya nini? Bila shaka utafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya. Utakunja suruali, utavua viatu ili visiharibike, utaazima sepetu, utawaita watoto wakusaidie, na kazi itaanza. Kufikia jioni nyumba itakuwa safi, nawe utamshukuru Mungu kwamba mafuriko yamepita na hakuna aliyekufa.

Msomaji mpenzi, hapo ndipo wengi hukosea. Mafuriko huua mara mbili. Mara ya kwanza ni pale maji yanapokuja, na hatari hiyo kila mtu huiona na kuikimbia. Mara ya pili ni pale maji yanapoondoka na watu wanaporudi kusafisha. Hatari hii ya pili haina kelele. Imejificha katika ukuta uliolowa, katika waya wa stima, ndani ya kisima, ndani ya gunia la mahindi, na zaidi ya yote ndani ya tope unalolikanyaga bila viatu.

Makala haya yanakueleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo bila kulipa kwa afya yako.

KWA NINI HUKU KWETU?

Wengi wakisikia neno mafuriko huwaza Budalang'i, ambako Mto Nzoia huingia Ziwa Victoria, au Garissa na Tana River. Lakini Nzoia haianzii Budalang'i. Chanzo chake ni milima ya Cherangani na Mlima Elgon, nayo hupita Trans Nzoia na Bungoma kabla ya kufika Busia. Njiani hupokea mito kama Koitobos, Sabwani na Kuywa. Mvua kubwa inaponyesha mlimani, maji hushuka kwa kasi na kumkuta mtu wa bondeni ambaye kwake huenda hata tone halijaanguka.

Isitoshe, mijini kuna mafuriko ya aina nyingine. Mtaro ukijaa takataka, mvua ya saa mbili inatosha kuingiza maji machafu ndani ya nyumba, na maji hayo hupitia vyooni kwanza. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua karibu watu 300 nchini Kenya na kuwafukuza maelfu ya wengine makwao. Wazee nao wanakumbuka mvua za mwaka 1961, na El Nino ya 1997 na 1998. Basi jambo hili si geni, na litarudi.

KABLA HUJAINGIA NDANI

Usikimbilie mlango. Zunguka nyumba kwanza, taratibu, mchana kweupe.

Tazama kuta. Nyumba ya udongo iliyokaa ndani ya maji haianguki lazima siku ya mafuriko. Mara nyingi huanguka siku inayofuata au hata ya tatu, wakati maji yaliyokuwa yakiuegemea ukuta yameondoka na udongo ulio chini umelainika. Ukiona ukuta umeinama, umepasuka kuanzia chini, au mlango umekwama ilhali zamani ulifunguka vizuri, usiingie. Mwite fundi. Vitu vilivyomo ndani vinaweza kusubiri.

Tazama choo pia. Choo cha shimo kilichojaa maji hupoteza nguvu ya kingo zake. Sakafu inaweza kuonekana nzima kumbe chini yake hakuna kitu. Kwa sababu hiyo usimtume mtoto chooni kabla mtu mzima hajapima sakafu kwa mti mrefu, akiwa amesimama mbali.

Halafu stima. Kama maji yalifika kwenye soketi au kwenye mita, usiguse swichi ukiwa umesimama majini au miguu yako imelowa. Ikiwa huwezi kuifikia swichi kuu ukiwa mahali pakavu, iache. Waya uliolala chini uhesabu kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa maana stima inaweza kurudi wakati wowote. Waweke watu mbali, kisha upigie Kenya Power nambari 97771, ambayo haitozwi pesa. Nayo redio, televisheni au friji iliyozama usiijaribu kuona kama bado inafanya kazi. Mpelekee fundi kwanza.

Mwisho, kumbuka kwamba wewe si pekee uliyekimbia maji. Nyoka naye alikimbia, na pengine alipata hifadhi darini kwako, ndani ya rundo la nguo, au chini ya kuni. Gonga vitu kwa fimbo ndefu kabla ya kuviinua, na usiingize mkono mahali usipopaona. Mtu akiumwa, mlaze, mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, mvue pete na bangili kabla hajavimba, kisha apelekwe hospitali haraka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, wala usipoteze saa ukitafuta jiwe jeusi. Jiwe hilo halijathibitishwa kuondoa sumu ya nyoka. Linalopotea ni wakati.

TOPE SI TOPE TU

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya.

Lile tope la sebuleni lina nini? Lina maji ya mto, ndiyo. Lakini pia lina kinyesi kutoka vyoo vya jirani, samadi ya boma, mizoga, vigae vya chupa, misumari ya mabati, na mkojo wa panya. Tafadhali usiupite upesi huo mkojo wa panya.

Katikati ya mwaka 2004, katika iliyokuwa Wilaya ya Bungoma, watu walianza kuugua homa kali. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa shule, na baadhi ya wagonjwa walifariki. Ugonjwa huo ulithibitishwa kuwa leptospirosisi. Wenzetu wa Tanzania walipopata mlipuko wa ugonjwa huo huo mkoani Lindi mwaka 2022 waliuita homa ya mgunda, jina ambalo ni rahisi zaidi, nasi tutalitumia hapa.

Homa ya mgunda huletwa na bakteria wanaoishi katika figo za panya, na pia za ng'ombe, nguruwe na mbwa. Mnyama mwenyewe huenda asionekane mgonjwa, lakini kila akikojoa anawamwaga. Bakteria hao wakiangukia mahali pakavu penye jua hufa. Wakiangukia maji au udongo uliolowa, wanaweza kuishi kwa majuma mengi. Mafuriko yanapofika, maji huingia katika kila shimo la panya na kila zizi, yakachukua mkojo huo na kuusambaza kila mahali.

Bakteria hao hawahitaji kunywewa ili wakuingie. Hupitia mkwaruzo mdogo mguuni, mpasuko wa kisigino, ngozi iliyolainika kwa kukaa majini, au macho na mdomo tope linaporuka. Hebu sasa umfikirie yule mtu tuliyeanza naye, aliyevua viatu ili visiharibike. Aliokoa viatu, akatoa miguu.

Je, ujikinge vipi? Haihitaji utajiri:

Kwanza, vaa gambuti. Kama huna, vaa viatu vyovyote vilivyofunika mguu wote, hata kama vitaharibika. Ndala si viatu vya kazi hii.

Pili, vaa glavu za mpira. Ukikosa, fanya kazi kwa sepetu, reki na fagio lenye mpini mrefu, na usichote tope kwa mikono mitupu.

Tatu, kila kidonda kifunikwe kwa plasta au kitambaa safi kilichofunikwa nailoni kabla ya kuanza. Mwenye kidonda kikubwa mguuni asiingie topeni kabisa.

Nne, usile, usivute sigara wala usijifute uso ukiwa kazini. Weka ndoo ya maji safi na sabuni mlangoni ili kila anayetoka anawe.

Tano, watoto wakae mbali. Kwao tope ni mchezo, nao hutia vidole mdomoni. Mama mjamzito naye asishiriki kazi hii, kwa kuwa ugonjwa huu ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni.

Ukimaliza, oga kwa sabuni siku hiyo hiyo, na nguo za kazi zifuliwe peke yake kisha zianikwe juani.

MSUMARI MMOJA UNATOSHA

Baba mwenye nyumba ndiye mara nyingi anayeinua mabati na kung'oa mbao. Naye ndiye ambaye kwa kawaida hana kinga ya pepopunda. Mama alidungwa sindano kliniki alipokuwa mjamzito, mtoto alichanjwa alipokuwa mchanga, lakini baba huenda hajadungwa tangu utotoni, au hajadungwa kamwe.

Pepopunda huingia kupitia kidonda kilichochafuliwa na udongo au samadi. Kidonda chenyewe kinaweza kuwa kidogo na kikapona, kisha siku kadhaa baadaye taya linakaza, shingo inakakamaa na mwili unaanza kujipinda. Kufikia hapo hata hospitali kubwa huwa na kazi ngumu.

Kwa hiyo ukichomwa msumari au kukatwa na bati, acha kazi. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, kifunike, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Usijaze kidonda majivu, mafuta ya taa, wala majani yaliyosagwa. Na kama hujui mara ya mwisho ulidungwa lini, usingoje msumari. Uliza sasa.

KISIMA KINACHOVUTA WATU

Hapa Trans Nzoia na Bungoma nyumba nyingi hutegemea kisima cha kuchimba kwa mkono au chemchemi. Baada ya mafuriko kisima hujaa tope, na mwenyewe humtafuta kijana ateremke kukizoa.

Ndani ya kisima hewa inaweza kuwa imeharibika. Vitu vinapooza chini hutoa gesi nzito ambayo haipandi juu, nayo hewa safi haishuki. Mtu akiteremka huenda akazimia bila hata kuita. Nduguye akimwona ameanguka humfuata kumwokoa, naye akaanguka juu yake. Ndivyo familia moja inavyoweza kuzika watu wawili au watatu kwa kisima kimoja. Mambo huwa mabaya zaidi iwapo watu wameteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima, maana moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi inayoua haraka.

Kanuni ni hizi. Injini ya petroli au dizeli ikae juu, mbali na mdomo wa kisima, na mpira wake tu ndio uingie ndani. Mtu asiteremke katika kisima wala shimo la choo lililofurika. Kazi hiyo waachiwe wenye vifaa. Na mtu akizimia ndani, usimfuate. Ita msaada, upige 999 au 112, au uwapigie Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya nambari 1199.

Maji ya kisima kilichofurika yasinywewe, hata yakionekana maangavu, mpaka afisa wa afya ya umma aeleze namna ya kukisafisha na kukitia klorini. Kwa sasa chota maji mahali ambapo mafuriko hayakufika, na hata hayo yatibu. Yakiwa na tope, yaache yatulie, yamimine taratibu katika mtungi mwingine ukiyachuja kwa kitambaa safi, kisha uyachemshe hadi yatokote, au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kungoja nusu saa. Vijiji vingi vya Magharibi viliwekewa visanduku vya klorini kando ya chemchemi. Kama chenu kinacho, kitumie. Lakini kumbuka kwamba klorini hupoteza nguvu katika maji yenye tope. Ndiyo sababu kuchuja huja kwanza.

Ukipuuza hilo unakaribisha kipindupindu na homa ya matumbo. Mtu akianza kuendesha, usingoje. Mpe maji yenye chumvi na sukari, yaani lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku mkielekea hospitali. Choo kikiwa chepesi kama maji ya mchele, hiyo ni dharura.

JIKO LA KUKAUSHIA NYUMBA

Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku baada ya mvua huwa na baridi kali. Nyumba imelowa, watoto wanatetemeka. Unawasha jiko la makaa, unaliingiza chumbani, unafunga mlango ili joto lisitoke, mnalala.

Wengine hawaamki. Makaa yanayowaka hutoa ile ile kaboni monoksaidi ya pampu. Haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi, na mtu huyafikiria kuwa ni uchovu wa kazi ya mchana. Nyumba hukaushwa kwa kufungua madirisha na milango mchana. Jiko liwake nje, na lisiingizwe chumba cha kulala hata likiwa na makaa machache. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha.

GUNIA LA MAHINDI

Huku ni ghala la taifa. Mkulima wa Kwanza au wa Chwele akipoteza mahindi amepoteza karo ya shule na chakula cha mwaka. Kwa hiyo ninajua kwamba haya nitakayosema yatauma.

Mahindi yaliyozama katika maji ya mafuriko usiyale. Ukiyaanika yatakauka, lakini uchafu wa vyoo umekwisha kuingia, na kuvu huanza kuota ndani ya siku chache. Baadhi ya kuvu hao hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini, haiishi kwa kupikwa, na huwezi kuiona kwa macho. Mwaka 2004 iliwapata watu 317 katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani, na 125 kati yao wakafa. Mahindi waliyokula yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu.

Kuna vishawishi vitatu hapa. Cha kwanza ni kusema, "Basi tutayapikia busaa." Busaa haiondoi sumu. Cha pili ni kuwapa ng'ombe na kuku. Ng'ombe akila mahindi yenye aflatoksini, sumu hiyo hutokea katika maziwa anayokunywa mtoto wako. Cha tatu ni kuyachanganya na mahindi mazuri na kuyauza. Huko ni kumwuzia jirani ugonjwa.

Magunia ambayo hayakuguswa na maji yatenge upesi, yapange juu ya mbao yasiguse sakafu wala ukuta, na uhakikishe yamekauka vizuri, unyevu usizidi asilimia 13.5, kabla ya kuyafunga tena.

Aidha, angalia kwenye stoo ya shamba. Mafuriko huchukua chupa za dawa za kuua wadudu na magugu na kuzisambaza. Ukiokota chupa isiyo na karatasi ya jina, usiifungue wala kuinusa, na kamwe usiifanye ya kubebea maziwa. Ukiona mbegu za mahindi zilizopakwa dawa na kutiwa rangi, usizioshe ukapika. Rangi huondoka, sumu hubaki. Unga, sukari na vyakula vingine vilivyoguswa na maji navyo vitupwe, ila makopo yaliyofungwa barabara ambayo hayakutoboka wala kuvimba. Hayo yaoshwe kwa sabuni na klorini kabla ya kufunguliwa.

Nyama ya mnyama aliyekufa katika mafuriko isiliwe, hata kama ni ng'ombe wa thamani. Mwite afisa wa mifugo. Mzoga uzikwe kwa kina, mbali na kisima na mto, na anayeuzika avae glavu na gambuti.

KUSAFISHA KWENYEWE

Sasa umejikinga, ukuta umesimama, stima imekatwa. Anza.

Fungua madirisha yote. Toa tope kwanza, kisha sugua sakafu na kuta kwa maji na sabuni. Klorini huja mwisho, kwa maana haifanyi kazi juu ya uchafu. Kwa dawa ya kawaida ya madukani yenye klorini ya asilimia 3.5, sehemu penye kinyesi patilie glasi 1 ya dawa kwa glasi 6 za maji, uache dakika 10, kisha uoshe. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, hasa yenye asidi au amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu.

Vyombo vya chuma na vya udongo wa kaure vioshwe kwa sabuni, kisha vichemshwe. Chupa ya mtoto ya kunyonyea iliyozama itupwe. Godoro lililolowa maji ya choo ni bora litupwe. Ninajua bei yake, lakini ndani halisafishiki. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Chandarua kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa kivulini, kitundikwe usiku huo huo. Madimbwi yaliyobaki uwanjani yafukie au uyatoboe yatiririke, kwa sababu mbu huhitaji takriban siku 7 hadi 14 tu kutoka yai hadi kuruka. Malaria ni ya mwaka mzima Bungoma. Kitale iko juu na watu wake wana kinga ndogo mwilini, hivyo ikiwapata inaweza kuwa kali.

HOMA BAADA YA KAZI

Tuseme umemaliza. Nyumba imekauka, watoto wamerudi shuleni. Siku 5 hadi 14 zinapita, pengine hata mwezi. Kisha unaamka na homa. Kichwa kinagonga. Misuli inauma, hasa ya ndama za miguu na kiuno. Macho ni mekundu lakini hayana tongo. Unatapika.

Huku kwetu tunajua jina la homa, au tunadhani tunajua. "Ni malaria." Unatuma mtoto dukani, unameza vidonge, unalala. Siku ya tatu unajisikia nafuu kidogo, kisha inarudi, na sasa macho yamekuwa manjano na mkojo umepungua. Homa ya mgunda imefika kwenye ini na figo.

Ugonjwa huu una dawa, nazo si za ajabu. Ni antibayotiki za kawaida ambazo daktari huzijua, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema. Shida ni kwamba dalili zake zinafanana mno na za malaria na homa ya matumbo, na daktari mwenye wagonjwa sitini kwenye foleni hawezi kujua kwamba majuma mawili yaliyopita ulikuwa umesimama topeni hadi magotini. Hilo ni wewe tu unayelijua.

Basi nenda ukapimwe malaria, usikisie. Iwe ni zahanati ya kijijini, hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Bungoma au ile ya Kitale, mwambie anayekuhudumia sentensi hii moja: "Daktari, nilisafisha tope la mafuriko." Mwambie ni lini, ulivaa nini miguuni, na kama ulikuwa na kidonda. Usingoje aulize. Kama vipimo vya malaria havionyeshi kitu na homa ingalipo, irudie tena sentensi hiyo. Nenda haraka zaidi ukiona macho ya manjano, mkojo uliopungua, kikohozi chenye damu, au pumzi inayokata.

Mfundishe pia mkeo au mumeo sentensi hiyo. Mgonjwa mwenyewe akiwa amezidiwa, wao ndio watakaoisema.

Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini hapa msomaji wangu kinga ipo, na nyingi haigharimu zaidi ya subira. Tope halitakimbia. Litakungoja uazime gambuti, upeleke watoto kwa nyanya yao, ufungue madirisha na kuchemsha maji. Nyumba iliyosafishwa siku mbili baadaye ni nyumba safi vilevile, na mwenyewe akiwemo.